Uzi mweusi kwenye upindo

Juu ya kabati la Mama kuna bahasha ya kaki ambayo imekaa hapo tangu nikiwa na miaka 13. Sasa nina 40. Bahasha yenyewe tumeibadilisha mara tatu kwa sababu kaki huchoka, lakini vilivyomo havitoki, vinaongezeka tu: cheti cha kifo, nakala ya kitambulisho cha dada yangu, risiti za karo, hati mbili za kiapo, barua za mawakili watatu, fomu ambazo hazikujibiwa hadi leo, na kipande cha kitambaa cha buluu chenye urefu wa kiganja. Watu wakiniuliza familia yetu imetafuta haki vipi tangu bomu la ubalozi, natamani niwape bahasha hiyo waisome nami ninyamaze. Ila haisomeki bila mtu wa kuieleza.

Dada yangu alikuwa akisomea uhazili katika Ufundi House, jengo lililopakana na ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie jijini Nairobi. Alikuwa na miaka 20. Ijumaa ile, tarehe 7 Agosti 1998, alivaa sketi ya buluu ambayo Baba alikesha akiishona. Baba alikuwa fundi cherehani mtaani Jericho. Uzi wa buluu ulimwishia akiwa amebakisha inchi chache za upindo, maduka yamefungwa, akamalizia kwa uzi mweusi. Asubuhi dada akalalamika. "Nani atakuinamia akukague upindo?" Baba akamjibu. "Nenda, jioni nitaurekebisha."

Mimi nilikuwa na homa, nimelala kibandani kwa Baba juu ya robota la vitambaa. Saa nne na nusu na dakika kadhaa, bati la paa likatetemeka, kisha kishindo kikafuata, kizito, kama mtu ameangusha mlango wa chuma mbali sana. Baba aliondoa mguu kwenye kanyagio akasikiliza. Halafu akaendelea kushona. Hilo hakujisamehe mpaka anakufa, kwamba alishona shati la mtu hadi saa tano na nusu.

Kuna jambo lililonichukua miaka kulielewa, nalo ni vile vioo. Lori lilipofika lango la nyuma la ubalozi, walinzi, Wakenya wasio na silaha, walikataa kufungua. Mshambuliaji mmoja akawarushia guruneti la kishindo. Watu katika majengo ya karibu wakasikia mlio, wakafanya anachofanya mtu yeyote akisikia kelele nje: wakasogea dirishani. Bomu lenyewe likalipuka wakiwa wameelekeza nyuso kwenye vioo. Ndiyo maana waliopoteza macho siku ile ni wengi kiasi kile. Katika kikundi chetu cha waathiriwa kuna mama aliyekuwa akifanya kazi kwenye lile jengo refu la benki la ghorofa 22. Jicho lake moja lilikwenda siku ileile. Vipande vya kioo viliendelea kumtoka shingoni na mkononi kwa miaka mingi, kimoja kimoja, ngozi inavimba kidogo kama chunusi halafu kioo kinachungulia. Anavihifadhi kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka. Ukikitikisa kinalia kama kayamba.

Ufundi House iliporomoka yote. Chini ya kifusi chake kulikuwa na mwanamke aliyesikika akiongea na waokoaji kwa siku kadhaa, na nchi nzima ilikesha redioni ikimwombea. Walipomfikia alikuwa ameshafariki. Mama alijua fika kwamba yule hakuwa binti yake, lakini alisikiliza kila taarifa akiwa amesimama.

Baba na Mjomba walizunguka hospitali siku tano. Siku ya sita wakaenda mochari. Mhudumu aliwafunulia mwili ambao uso wake haukuweza kumsaidia mzazi yeyote. "Unamtambua kwa kitu gani, Mzee?" akauliza, si kwa ubaya, alitakiwa kuandika kitu. Baba hakujibu. Alipiga magoti, akapindua pindo la sketi, akaufuatisha mshono kwa kidole mpaka buluu ikaisha na nyeusi ikaanza. Kisha akaomba mkasi.

Hivyo ndivyo kitambaa kile kilivyofika kwenye bahasha.

*

Watu hudhani familia ikipatwa na jambo kama hili inakuwa kitu kimoja. Yetu ilipasuka. Mjomba alitaka damu. Alikuwa mtu wa mzaha kabla ya hapo, lakini baada ya mazishi akawa anazungumza habari ya kitanzi hata mezani mbele ya watoto. Mwanzoni Baba hakutaka kusikia habari za korti kabisa. Mama alitaka kitu ambacho hakuna aliyekielewa wakati huo, na hata yeye hakuwa na jina lake.

Kabla ya Agosti kwisha, washukiwa wawili walikuwa wameshasafirishwa kwenda Marekani. Hapa Kenya hatukuwa hata na sheria ya ugaidi. Hiyo ilikuja 2012. Kwa hivyo kesi ya watu waliokufa Moi Avenue ikaenda kusikilizwa Manhattan, New York. Mwanzoni mwa 2001 ilipoanza, Mjomba alinunua kitabu cha mazoezi akawa anaandika kila alichosikia redioni, tarehe upande wa kushoto, habari upande wa kulia. Baadhi ya Wakenya walisafirishwa kwenda kutoa ushahidi. Sisi hatukuwa miongoni mwao. Tulikuwa wengi mno kutosha kwenye ndege.

Mwezi Mei wanaume wanne walipatikana na hatia. Likabaki swali kama wawili kati yao watahukumiwa kifo, na huko uamuzi huo hufanywa na raia 12 wa kawaida, nao sharti wakubaliane wote. Wakati wakijadiliana, nyumbani kwetu nako palikuwa na baraza. Mjomba alisema wakiachwa hai atajua Mungu hana masikio. Mama alikuwa akichambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nataka wazeeke. Wajue magoti yanavyouma. Wangu hatazeeka."

Mjomba akatoka bila kuaga. Hakurudi kwetu kwa miezi minne.

Wale 12 hawakuafikiana, kwa hivyo ikawa kifungo cha maisha bila kuachiliwa. Hukumu ilitolewa tarehe 18 Oktoba 2001, wiki tano baada ya Septemba 11, katika korti iliyokuwa mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwenye yale majumba mawili yaliyoanguka. Siku ambayo tuliingoja miaka mitatu ilipofika, dunia nzima ilikuwa ikitazama kifusi kingine. Gazetini ilikuwa habari ndogo ndani. Nilikuwa kidato cha pili, na nakumbuka niliona haya kwa kuona wivu. Watu karibu 3,000 wamekufa, na mimi ninawaonea wivu kwa sababu wanapigwa picha.

Kuhusu kesi ya 2010 nitasema kidogo tu, maana bado inaniudhi. Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa kwenye magereza ya siri ya CIA, kisha Guantanamo, na mwishowe akapelekwa korti ileile ya Manhattan. Alishtakiwa kwa makosa zaidi ya 280, yakiwemo ya mauaji, shtaka moja kwa kila aliyekufa Nairobi na Dar es Salaam. Nilikuwa nimeanza kazi ya uhasibu, nikaisoma hukumu kwenye kompyuta ya saiba huku nikilipia kwa dakika. Alipatikana na hatia ya kosa moja: njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani.

Majengo. Nilirudia kusoma nikidhani Kiingereza kimenishinda.

Alipewa kifungo cha maisha hata hivyo, kwa kosa hilohilo moja. Mjomba hakujali kifungo, alitaka kujua shtaka la binti yetu limekwenda wapi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba jaji alimkataa shahidi muhimu, mtu aliyedaiwa kuuza baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Wapo kwenye kikundi chetu waliomlaani jaji huyo. Mimi siwezi. Nakasirika na waliotesa. Walitaka taarifa za haraka, wakaharibu ushahidi wa watu ambao hata hawakuwakumbuka. Mtu akiniambia siku hizi kwamba gaidi hastahili sheria, namwuliza kama ana maiti kwenye kesi hiyo au anazungumza tu.

*

Sasa fidia. Hapa ndipo bahasha iliponenepa.

Mlango wa kwanza tuliobisha ulikuwa wa serikali ya Marekani yenyewe. Balozi wao aliyekuwa Nairobi, Prudence Bushnell, alikuwa amewaandikia wakubwa wake kabla ya shambulio kwamba jengo lile halina usalama. Kwa kanuni zao wenyewe, ubalozi ulitakiwa kuwa mbali na barabara kwa futi 100. Ule wetu ulikuwa umebanana na njia ambayo nusu ya Nairobi hupita ikienda stesheni ya reli. Wakenya zaidi ya 5,000 wakafungua kesi Washington wakidai uzembe. Mama na Baba walikuwemo. Walikwenda mikutano kila Jumamosi, nauli ikikatwa kwenye pesa za unga. Mwaka 2002 kesi ikatupwa, na 2003 rufaa nayo ikatupwa. Sababu, kwa maneno ninayoyaweza, ni kwamba jinsi serikali ile inavyogawa fedha na ulinzi wa balozi zake ni maamuzi ya sera, na sheria yao hairuhusu mtu kuishtaki kwa maamuzi ya namna hiyo.

Msaada ulikuja, sitadanganya. Zilitolewa pesa za matibabu, za macho na masikio, za karo za yatima, za kuwainua wafanyabiashara waliofilisika. Tulikuwa na majirani waliosomeshwa na fedha hizo. Lakini msaada ni hiari ya anayetoa. Baba alikuwa na msemo wake: "Mteja akichana shati langu halafu akanipa peremende, nimeshukuru peremende. Shati je?"

Mlango wa pili ulikuwa Sudan. Osama bin Laden na watu wake walikaa Khartoum miaka ya mwanzo ya tisini, na mwaka 2011 jaji mmoja wa Washington aliamua kwamba Sudan na Iran zilisaidia kuwezesha mashambulizi yale. Mwaka 2014 zikatoka hukumu za jumla ya zaidi ya dola bilioni 10. Habari hizo zilipofika Nairobi, watu walicheza. Kweli, kuna mzee alicheza mkutanoni na mkongojo wake.

Ndipo tukaenda kwa wakili wa pili. Ofisi ghorofa ya nne, lifti mbovu, Baba akapumzika kila ngazi kumi. Wakili alikuwa kijana mstaarabu, akatupa maji. Akauliza swali moja. "Marehemu alikuwa ameajiriwa na ubalozi?"

Hakuwa. Alikuwa mwanafunzi wa jengo la jirani.

Akaeleza, taratibu, kama mtu anayetoa majibu ya daktari. Sheria ya Marekani ya 2008 inayoruhusu kuishtaki nchi ya kigeni kwa ugaidi inamfungulia mlango raia wa Marekani, mwanajeshi wake, au mfanyakazi na mkandarasi wa serikali yake aliyekuwa kazini. Mpita njia hayumo. Mwanafunzi hayumo. Aliyekuwa ndani ya basi kwenye Haile Selassie hayumo.

Piga hesabu nami, ndiyo kazi yangu. Nairobi walikufa watu 213. Waliokuwa watumishi wa ubalozi walikuwa 44, Wamarekani 12 na Wakenya 32. Waliobaki ni 169. Bomu lilikuwa moja, lakini sheria iliuliza kwanza hati ya mshahara.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua bahasha, akatoa kile kitambaa, akakilaza juu ya meza ya wakili na kukinyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha nguo kabla ya kupiga pasi. "Huyu ndiye," akasema.

"Pole sana, Mzee," wakili akamjibu. "Lakini hiki si hati."

Kurudi nyumbani tulipanda matatu, tukakaa kiti cha nyuma kabisa. Baba hakusema neno hadi tukashuka. Halafu akaniambia, "Umeona? Amesema pole." Alikuwa anamaanisha. Miaka 16, na katika ofisi zote tulizoingia, huyo alikuwa wa kwanza kusema pole kabla hatujaondoka.

*

Niseme na habari za makaratasi, maana wapo wanaoanza safari hii leo, waathiriwa wa mashambulizi ya Westgate, ya Garissa, ya Dusit, na hakuna atakayewaambia.

Cheti cha kifo cha dada yangu kilikosewa herufi moja ya jina la ukoo. Moja tu. Tulikiona hivyohivyo tangu 1998 tukakiacha, nani ana nguvu za kugombania herufi wiki ya mazishi? Herufi hiyo ilitugharimu hati mbili za kiapo, safari zaidi ya kumi, na karani mmoja aliyemwambia Mama amlete marehemu athibitishe jina lake. Nadhani alikuwa na haraka, hakusikia alichokuwa anasema. Mama alimtazama tu. Ukipewa cheti, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani, hata kama machozi yanakuziba macho. Mwambie mwenzako asome.

Nakala asilia usimpe mtu. Mpe kopi iliyothibitishwa, na kama anang'ang'ania asilia, badilisha mtu. Mkataba wa wakili uangalie asilimia, halafu uangalie kinachoandikwa baada ya asilimia: nani analipa gharama mkishindwa. Wakili wetu wa kwanza alitaka theluthi, jambo la kawaida kwa kesi hizo, lakini kulikuwa na aya ndogo kwenye ukurasa wa sita ambayo Mama, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyeiona. Mimi mhasibu niliipita.

Halafu kuna watu wa fomu. Kila habari ya mabilioni ikitoka gazetini, wao hutokea wiki hiyohiyo, wamevaa tai, wana orodha "ya mwisho" inayofungwa Ijumaa, na ada ya kujiandikisha. Mama alilipa mara mbili. Mimi nililipa mara moja, shilingi 1,000, na sikumwambia mtu hadi sasa ninapoandika. Ukishangoja miaka ishirini unakuwa kama mvuvi, hata jani likigusa ndoano unavuta.

Mwaka 2020 ndipo mambo ya Sudan yaliiva. Mei, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba Sudan inaweza kutozwa pia fidia ya adhabu. Kufikia Desemba ikawa imeondolewa kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, na yenyewe ikakubali kulipa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa mashambulizi kadhaa, ya Nairobi na Dar yakiwemo. Lakini ni kwa wale tu wanaopita mlango uleule wa sheria ya 2008.

Katika kikundi chetu alikuwemo mjane ambaye mumewe alikuwa mtumishi wa ubalozi. Tulikaa naye viti vya kuungana tangu mwanzo. Alipoanza kuitwa kwa ajili ya malipo, watu wakaanza kumwamkia kwa ubaridi. Mtu mmoja akasema, naye alikuwa mtu wa kanisani kabisa, "Bora wangu naye angekuwa mfagiaji pale." Yule mama akaacha kuja mikutanoni.

Mama alimfuata kwake. Alibeba unga wa uji, kwa sababu haendi nyumba ya mtu mikono mitupu. Walikaa hadi jioni. Aliporudi aliniambia kwamba hata kati ya watumishi wa ubalozi, Mkenya alipangiwa kiwango cha chini kabisa ukilinganisha na cha Mmarekani. "Kumbe ndani ya mlango kuna mlango mwingine," akasema. Akavua viatu. "Na analia usiku kama mimi. Anasema pesa zimemrudisha mazishini."

Mwezi uliofuata yule mjane akarudi kikundini. Mama alikuwa amemwekea kiti.

*

Baba alifariki 2016, moyo. Tuliposafisha kibanda tulikuta vidonge vya uzi wa buluu zaidi ya arobaini, vipya, havijafunguliwa. Alikuwa akinunua kila anapopita dukani, nadhani, na hakuna aliyejua. Mjomba alivihesabu akavirudisha kwenye boksi, halafu akaketi kwenye kiti cha cherehani, akaweka mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga.

Waliopanga shambulio wengi wamekufa pia. Osama 2011, na Fazul Abdullah Mohammed aliuawa Mogadishu mwaka huohuo. Ayman al-Zawahiri akauawa Kabul 2022. Kila mara rafiki hunitumia ujumbe wa pongezi. Sijui nijibu nini. Siku ya Fazul nilimwambia Mama, akauliza kama amesema chochote. Nikamwambia alipigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani. "Basi hakusema," akajibu, akarudi jikoni. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona kitu anachokitaka. Anataka mtu amwambie, uso kwa uso, kwamba alijua watu wale wapo pale na akaendelea. Au ofisa aseme kwamba alijua lile jengo liko karibu mno na barabara na akaahirisha. Pesa angezichukua, ana magoti ya kutibu. Lakini si pesa anazozisikilizia redioni.

Kila tarehe 7 Agosti tunaenda kwenye bustani ya ukumbusho palepale kwenye kona. Ukutani kuna majina. Mama huja na kitambaa chenye maji, analifuta la dada yangu, kisha yaliyo juu yake na chini yake. Anayaita majirani zake.

Mlango wa tatu ni wa hapa nyumbani. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inataja mfuko wa kuwafidia waathiriwa, na Seneti iliunda kamati ya muda kushughulikia fidia ya bomu la 1998. Kikundi chetu kikaamua kuandaa orodha. Tulikutana bustanini, kwenye viti vya mawe. Katibu ni kijana ambaye mamake alikufa akiwa yeye ana miezi minane. Alichora jedwali kwenye kitabu cha mazoezi, kwa Kiswahili ili wazee wafuatilie, kabla ya kwenda kuchapisha: jina la marehemu, mdai, uhusiano, vielelezo, kiasi kinachodaiwa.

Safu ya mwisho ilileta ubishi. Wengine walitaja milioni tano, wengine hamsini, mzee wa mkongojo akataja idadi ambayo haiko. Walioshindwa kutaja, katibu aliwaandikia "hakijulikani". Ikafika zamu yetu. Mama akavaa miwani, akasoma mstari wake kwa kidole.

"Hapa, mwanangu, weka hakijajulikana."

"Mama, nikienda kuchapa kwa Kiingereza itakuwa ni kitu kimoja tu."

"Huko wataandika la kwao. Wewe hapa niwekee ja."

Kijana akaichomeka ile ja juu ya mstari kwa kishale, akageuza i ya mwisho kuwa a. Kisha akarudi nyuma safu moja, kwenye vielelezo, ambako alikuwa ameandika cheti cha kifo, kitambulisho, viapo viwili. Akauliza kama kuna kingine. Mimi nikasema hapana.

"Kipo," Mama akasema. "Andika kitambaa kimoja, buluu. Uzi rangi mbili."